Je, Kipanga Njia Kinaweza Kutusaliti?

Kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo tunayatumia kana kwamba ni pacha: kutegemea na kuamini. Mimi naona ni majirani tu. Tunategemea fimbo, mvua za masika, mshahara wa mwisho wa mwezi. Kuamini ni neno la ukoo mwingine. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa imani, amani, mwaminifu na, lililo muhimu zaidi kwangu katika insha hii, amana. Fimbo ikikuvunjikia utaanguka na pengine utaumia, lakini hutakwenda kwa wazee kuishtaki. Mtu uliyemwekea amana akaila, hata kama ni faranga elfu mbili, utamshtaki, na hata akikulipa kuna kitu baina yenu ambacho hakitarudi kama kilivyokuwa.

Mwanafalsafa Annette Baier, mzaliwa wa New Zealand, aliligusa jambo hili katika makala yake ya mwaka 1986. Alitoa mfano wa majirani wa Immanuel Kant, waliozoea kupima shughuli zao kwa nyendo za mzee yule kwa kuwa zilikuwa hazibadiliki. Siku ambayo Kant angepitiwa na usingizi, majirani wangekosa saa yao, nao wangesikitika. Lakini hawangeweza kusema amewasaliti, kwa sababu hakuwaahidi kitu. Walimtegemea kama mtu anavyotegemea jogoo.

Swali langu ni hili: vifaa vinavyotuongoza siku hizi viko upande wa jogoo, au upande wa mtu aliyewekewa amana?

Nina sababu ya kuuliza. Katika ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", cheo kisicho na mshahara. Kwa cheo hicho nina kazi mbili. Ya kwanza ni kumpangia mjomba wangu safari za gari lake la umeme kila anapotoka nje ya Kigali. Ya pili ni kutunza ruta ya kituo kidogo cha afya mtaani kwetu Nyamirambo. Sisi tunasema ruta. Wafasiri wa programu za kompyuta huiita kipanga njia. Nilipolikuta jina hilo mara ya kwanza nilicheka, maana programu ya simu ninayoitumia kwa safari za mjomba nayo ni kipanga njia. Kimoja kinapangia gari, kingine kinapangia taarifa, na vyote viwili vinasema kwa sauti ile ile isiyo na wasiwasi: pita hapa, utafika.

Nianze na gari. Gari la petroli likikaukiwa njiani, atapatikana kijana mwenye pikipiki na jerikeni. Umeme hauletwi kwa jerikeni. Kwa hiyo safari ya gari la umeme hufikiriwa kabla ya kuanza, na kufikiriwa huko ni kwa hesabu.

Mwaka 2019 kampuni ya Volkswagen ilileta Kigali magari ya umeme aina ya e-Golf kwa majaribio. Betri yake ni ya kilowati-saa 35.8. Ukiuliza inakwenda kilomita ngapi kabla ya kuisha utapewa majibu matatu, na yote matatu yametolewa kwa nia njema. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilisema 300. Kipimo kilichokuja baadaye, WLTP, kikasema 231. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, likasema maili 125, yaani kilomita 201. Gari ni lile lile na betri ni ile ile. Kilichobadilika ni swali: mwendo gani, baridi kiasi gani, kusimama na kuondoka mara ngapi. Na hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kilichoulizia milima ya Rwanda.

Gari la mjomba lina betri inayokaribiana na hiyo kwa ukubwa, nayo si mpya. Mwaka jana alitaka kumleta bibi kutoka Rusizi aje kufanyiwa upasuaji wa macho. Barabara ya kutoka Rusizi inapanda kutoka ziwa Kivu, inapita katika msitu wa Nyungwe kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 2,000, kisha inashuka kuelekea Huye, na kutoka Huye hadi Kigali zinabaki kama kilomita 130. Ndani ya msitu hakuna vijiji. Kuna ukungu, nyani, na kona zisizokwisha.

Kupanda mlima kuna bei inayojulikana. Gari pamoja na watu wanne hukaribia kilo 1,900. Kuliinua meta 1,000 kunakula zaidi kidogo ya kilowati-saa 5, yaani kama sehemu moja ya saba ya betri ile, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Ukishuka, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya ulichotumia, lakini si yote. Programu nzuri za kupanga safari, kama A Better Routeplanner iliyoanzia Uswidi, zinayajua haya. Unaiambia gari lako ni lipi, limebeba uzito gani, unakwenda mwendo gani, hali ya hewa ikoje, betri imechakaa kiasi gani, na hutaki kufika ukiwa na chini ya asilimia ngapi. Mimi nilijaza yote hayo nikiwa na kikombe cha chai, nayo ikanijibu: utafika Huye ukiwa na asilimia 14.

Mjomba akaniuliza, "Kwa hiyo tutafika?"

Hapo ndipo neno linapohama ukoo. Asilimia 14 ni kama jogoo. "Tutafika" ni ahadi, na ahadi ni deni. Programu haikusema tutafika. Ilitoa hesabu kwa mujibu wa nilichoilisha. Mimi ndiye niliyeulizwa na mtu, na mimi ndiye ningejibu. Bibi yangu, ambaye angekaa kiti cha nyuma na macho yake yasiyoona vizuri, hajui kipanga njia ni nini. Anajua tu kwamba mjukuu wake amesema safari iko sawa. Tungekwama usiku ndani ya Nyungwe kwenye baridi ile, asingesema programu imemwangusha. Angelitaja jina langu, na angekuwa na haki.

Kwa hiyo sikujibu ndiyo. Nilimwambia mjomba mambo matatu: kwamba asilimia 14 ni hesabu ya siku tulivu, kwamba mvua, foleni ya malori au udongo ulioporomoka barabarani vinaweza kuila, na kwamba tutaondoka asubuhi, tukiwa tumechagua mahali mapema ambapo betri ikiwa chini ya kiwango fulani tutageuza gari, maana kurudi ziwani ni kuteremka. Halafu tutalala Huye kwa shangazi. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ya volti 230 na ampea 10, inatoa kilowati 2.3, usiku wa saa nane unakupa karibu nusu ya betri.

"Yaani tulale Huye kwa sababu ya hizo kilomita mia na thelathini?" akasema. "Ningepanda basi ningekuwa nimeshamfikisha."

Alisema kweli, na sitamkatalia hapa kwa kuwa tu ninaandika mwenyewe. Kwa safari ile basi lilikuwa bora kwa kila hesabu, isipokuwa moja: bibi hutapika kwenye kona za Nyungwe, na basi halisimami anapotaka yeye.

Tulifika Huye tukiwa na asilimia 19. Mjomba alinicheka siku nzima kwamba nimewatisha watu bure. Lakini angalia: programu ilikosea. Ilisema 14, ikawa 19. Kwa kuwa ilikosea kwa upande unaotufaa, hakuna aliyeliita kosa. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliandikia mwaka 1976 jambo linaloitwa bahati ya kimaadili, yaani jinsi tunavyomsifu au kumlaumu mtu kwa matokeo ambayo hayakuwa mikononi mwake. Tungepita msituni usiku bila mpango wa kurudi, tukafika na hizo 19, mjomba angeniita bingwa. Nami nashikilia kwamba ningekuwa nimemkosea bibi vilevile, kwa sababu ningekuwa nimeitumia amana yake kuchezea kamari, ingawa kamari ilijibu.

Ruta ni jambo gumu zaidi, kwa sababu hatari yake haionekani. Betri ina namba inayoshuka mbele ya macho. Ruta ya kituo cha afya ina taa tatu za kijani zinazowaka siku njema na siku mbaya. Wauguzi huitumia kuthibitisha bima za wagonjwa na kutuma taarifa zao. Mtandao ukikatika, foleni inasimama na mama mwenye mtoto mwenye homa anakaa kwenye benchi. Ila hilo ni baya linaloonekana. Lisiloonekana ni mtandao usiokatika kamwe, huku mtu wa mbali anasoma kila kinachopita.

Ndiyo maana siupendi msemo wa "ruta ya kutegemewa" ukiachwa hivyo hivyo. Una maana mbili zinazogombana. Nimemsikia fundi mmoja akijisifu kwamba ruta aliyoifunga haijazimwa mwaka mzima. Watu walimpongeza. Mimi nilijiuliza kimoyomoyo: basi mwaka mzima haijasasishwa, maana kusasisha moyo wa programu kunataka kuzima na kuwasha. Kilichokuwa kinasifiwa kama uaminifu kilikuwa mlango ambao kufuli yake haijaangaliwa tangu mwaka jana. Mwezi Mei 2018 watafiti wa usalama walitangaza kwamba programu hasidi iliyoitwa VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na ofisi ndogo. Taa zake, nina hakika, zilikuwa za kijani.

Nilipopewa kazi hii nilikuwa na chaguo. Ningeweza kuiacha programu iliyokuja na ruta kutoka kiwandani. Haikuwa na ubaya ila mmoja: sasisho lake la mwisho lilikuwa la miaka minne nyuma, na hapakuwa na mahali popote mtengenezaji aliposema, "tumeacha kuitunza." Alinyamaza tu. Kunyamaza huko ndiko ninakokuona kama kosa la kimaadili, kuliko kuacha kwenyewe. Kila kitu huzeeka. Aliyewekewa amana anaruhusiwa kuchoka. Haruhusiwi kuchoka kimyakimya.

Chaguo la pili lilikuwa OpenWrt, programu huria inayotunzwa na watu waliotawanyika duniani. Historia yake yenyewe ni somo. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ililazimika kuweka hadharani msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kwa kuwa ndani yake ilikuwa imetumia Linux, ambayo leseni yake inadai hivyo. Mwaka 2004 wajitoleaji wakaanzisha OpenWrt juu ya msimbo ule. Mwaka 2016 wakagombana, baadhi wakajitenga kwa jina la LEDE, na mwaka 2018 wakarudiana. Kuna watu ambao habari kama hizo za ugomvi zingewafukuza. Mimi zilinivuta, kwa kuwa waligombana hadharani, na anayegombana hadharani ni vigumu kukuficha ufa wa nyumba.

Kilichonikata shauri ni jambo la Desemba 2024. Mtafiti mmoja aligundua kasoro katika seva ya OpenWrt inayowatengenezea watu mafaili ya kusasishia ruta. Kila faili lina alama yake ya utambulisho, ambayo ingepaswa kuwa na herufi na tarakimu 64. Seva ilikuwa inatumia 12 tu. Alama fupi namna hiyo inaweza kughushiwa, na ikighushiwa, mtu angeweza kupewa faili lenye sumu akidhani ni lake. Waliizima seva, wakarekebisha, wakairudisha baada ya saa chache. Hadi hapo ni ufundi. Kilichofuata ndicho ninachokiita uadilifu. Walitangaza kwamba uwezekano wa mtu kuwa amedhurika ni mdogo sana, kisha wakaongeza kuwa kumbukumbu walizonazo ni za siku 7 tu, hivyo hawawezi kuapia yaliyotokea kabla ya hapo, na kwa sababu hiyo wanashauri watu wasasishe upya. Hakuna aliyewalazimisha kuzitaja siku 7. Wangeweza kusema "hatukuona dalili yoyote" na sentensi ingekuwa kweli tupu.

Naona hapa ndipo penye jibu la swali langu, au angalau pa sehemu yake. Kifaa chenyewe hakiwezi kutusaliti, kama jogoo asivyoweza. Lakini nyuma ya kila kifaa kuna watu wanaojua mpaka wa kifaa hicho ulipo, na ujuzi wa mpaka ule ndio amana yetu iliyo mikononi mwao. Wakiutaja, tunategemea kwa macho yaliyo wazi. Wakiuficha, hata kifaa kikifanya kazi vizuri miaka kumi, tumeshaibiwa kitu.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga vikali, na hoja yake si ya kupuuza. Alisema uwazi nao unaweza kuwa chambo. Akanikumbusha habari ya Machi 2024, pale ilipogundulika kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imewekewa mlango wa siri. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amejitolea kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia kwa upole mpaka akakabidhiwa funguo. Msimbo ulikuwa wazi na kila mtu aliweza kuutazama. Basi uwazi ulimsaidia nani?

Nilifikiri siku kadhaa kabla ya kumjibu. Habari ile, kwanza, inathibitisha tofauti niliyoanza nayo: hapa neno usaliti linakaa mahali pake kabisa, kwa sababu palikuwa na mtu, palikuwa na miaka ya kujenga imani, na imani hiyo ndiyo iliyotumika kama funguo. Pili, mlango ule haukugunduliwa na mkaguzi yeyote rasmi. Mhandisi anayeitwa Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mfumo wake kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akakataa kuizoea hiyo nusu sekunde, akaifuata mpaka mwisho. Aliweza kuifuata kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi; alitaka kuifuata kwa kuwa alikuwa mtu wa aina ile. Uwazi peke yake ni dirisha. Lazima awepo wa kuchungulia.

Na hilo linanirudia mimi. Nisingependa kujificha nyuma ya watu wa Uswidi au wajitoleaji wa OpenWrt. Muuguzi hakuchagua programu, mgonjwa ndiyo kabisa. Mimi ndiye niliyesimama kati yao na mashine, kama nilivyosimama kati ya bibi na zile asilimia 14. Ikiwa nawadai watengenezaji waseme mpaka wao, mpaka wangu mimi nimeutaja kwa nani?

Ndipo nilipoandika karatasi moja na kuibandika ukutani juu ya ruta, kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Ina mistari minne. Tarehe ruta ilipofanyiwa sasisho la mwisho. Tarehe ambayo toleo lililomo litaacha kutunzwa. Mahali nakala ya mipangilio ilipo. Na la kufanya mtandao ukikatika: zima, hesabu hadi thelathini, washa, ikishindikana, bonyeza kitufe kidogo cha nyuma wakati inawaka ili iingie katika hali ya dharura, kisha nipigie. Programu ya asili imehifadhiwa ndani mahali ambapo mipangilio mibovu haiwezi kuifuta, kwa hiyo njia ya kurudi ipo, kama ile ya kuteremka ziwani.

Muuguzi mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliisoma yote akiwa amesimama. Akaniuliza, "Na wewe ukiwa ndani ya mtihani?"

Nikaongeza mstari wa tano. Una namba ya binti yake, anayesoma mwaka wa tano wa sekondari, ambaye Jumamosi mbili zilizofuata nilimfundisha kubonyeza kile kitufe na kusoma taa. Mara ya tatu alikifanya bila mimi, akaniuliza kwa nini kumbukumbu za ruta yetu ni za siku mbili tu.